Mtambo ukifaulu mtihani, tumepima nini?

Mwaka wa 1950 mwanahisabati wa Uingereza, Alan Turing, alichapisha makala katika jarida la falsafa liitwalo Mind, akauliza iwapo mashine zaweza kufikiri. Maadamu watu hawapatani juu ya maana ya neno kufikiri, aliliweka swali hilo kando akapendekeza mchezo. Mchunguzi azungumze kwa maandishi na wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine, kisha aseme yupi ni yupi. Turing alibashiri kwamba katika muda wa miaka 50 hivi, mchunguzi wa kawaida akipewa dakika tano za kuuliza maswali, atakosea angalau mara 30 katika kila mara 100.

Utabiri huo ulichelewa, lakini umetimia. Mwaka wa 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitangaza matokeo ya jaribio la aina hiyo hiyo. Programu iitwayo GPT-4.5 ilidhaniwa kuwa ndiyo binadamu katika asilimia 73 ya mazungumzo. Yaani, wachunguzi waliichagua mara nyingi kuliko walivyowachagua binadamu wenyewe. Je, tukate kauli kwamba akili bandia imeifikia akili ya mwanadamu?

Hasha. Msomaji mwangalifu hana budi kuyatazama matokeo yaliyosalia. Asilimia hizo 73 zilipatikana pale programu ilipoelezwa kinaganaga tabia na lugha ya mtu wa kuigiza. Programu hiyo hiyo ilipoagizwa ijifanye binadamu bila ya kupewa tabia hiyo, iliambulia asilimia 36. Maarifa yake hayakupungua hata chembe. Ilivuliwa tu vazi la mwigizaji.

La ajabu zaidi, watafiti walimshindanisha pia mkongwe, ELIZA, programu iliyotungwa na Joseph Weizenbaum wa taasisi ya MIT nchini Marekani na kutangazwa mwaka wa 1966. Kazi yake ni kunasa neno katika sentensi ya msemaji na kulirudisha kama swali. Ukiiambia una huzuni, itauliza kwa nini una huzuni. Haijui huzuni wala furaha, lakini hata hiyo ilidhaniwa kuwa binadamu katika asilimia 23 ya mazungumzo. Mtihani ambao kasuku huyu huondoka na alama 23 unapima wepesi wetu wa kuamini zaidi ya unavyopima akili ya anayetahiniwa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba hata jirani yako hujawahi kuingia kichwani mwake, nawe wamhesabu kuwa mwenye akili kwa maneno na matendo yake tu. Kwa nini basi mashine idaiwe zaidi? Hoja hii ni nzito, na Turing mwenyewe aliitoa. Aidha, si haki kuzibeza programu za leo, zinazofumbua hesabu ngumu na kufasiri lugha nyingi. Ubishi wangu si kwamba hazina akili. Nasema kwamba dakika tano za soga haziwezi kutuambia zinayo kwa kiasi gani.

Njia bora ipo, nayo ni kuleta jambo geni. Mwaka wa 2019 mtaalamu François Chollet alitunga mafumbo ya vijiraba vya rangi, ambamo mtahiniwa huonyeshwa mifano michache, akatakiwa kugundua kanuni iliyofichika na kuitumia. Kukariri hakufai kitu, kwani kila fumbo lina kanuni yake. Programu za lugha za miaka ile zilishindwa vibaya. Ilipofika Desemba 2024 programu moja ya kampuni ya OpenAI ilivuka asilimia 75, na mwaka wa 2025 watahini wakatoa mafumbo mapya yaliyokuwa magumu zaidi kwa mitambo. Hivyo ndivyo mtahini wa kweli anavyopaswa kutenda. Jibu likishazoeleka, hubadilisha swali.

Mambo haya yanatuhusu sisi tulio madarasani. Mwalimu anayesahihisha insha nadhifu iliyoletwa kutoka nyumbani amekaa pale pale alipokaa mchunguzi wa Turing. Mbele yake pana maandishi, na nyuma ya maandishi pana asiyemwona. Akitoa alama kwa methali zilizopangwa na hati isiyo na doa, atakuwa amepima vazi.

Naelewa kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kumhoji kila mmoja. Hata hivyo, aweza kuwaita watano kila juma watetee walichoandika. Aweza kubadilisha tarakimu za hesabu, au kuuliza: kama mhusika huyu angekataa, hadithi ingeishia wapi? Aliyeelewa atajikwaa kidogo kisha aendelee; aliyenakili atanyamaza.

Nawe mwanafunzi, kumbuka kwamba mtambo ukikuandikia insha, uliofaulu ni mtambo. Alama utapewa wewe, lakini siku utakapoulizwa swali lisilokuwa kitabuni, utasimama peke yako.