Marekani: Kirtland ilivuta mvuke wa mafuta ardhini, lakini maji yalikuwa yameshafikiwa

Ni Novemba 1999 ambapo kambi ya jeshi la anga ya Kirtland, pembeni ya mji wa Albuquerque katika jimbo la New Mexico, iligundua kuwa mabomba yake ya chini ya ardhi yanavuja mafuta ya ndege. Kituo hicho cha mafuta kilijengwa mwaka 1953, na uvujaji ulikuwa umeendelea miaka mingi bila mtu kuuona. Wakati huo, mji huo mkubwa ulikuwa ukitegemea maji ya visima virefu.

Mwaka 2003 jeshi lilianza kujaribu njia ya kuvuta mvuke. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Shimo linachimbwa, bomba lenye matundu linashushwa, kisha hewa inavutwa kutoka chini. Mafuta yaliyoshika kwenye mchanga yanageuka mvuke na kupanda na hewa hiyo. Ni mvuke uleule ambao pua inausikia kadhafi anapofungua bidoni ya esanse barabarani. Kirtland ilitumia moteri kama za gari: moteri inavuta mvuke na kuuchoma hapohapo, kwa hiyo uchafu unakuwa chakula cha mashine.

Jaribio la namna hii linatafuta kwanza jibu moja: hewa inapita hadi wapi? Mabomba madogo ya vipimo yanawekwa mbali kidogo na shimo ili kuona kama nguvu ya kuvuta inafika huko. Kwenye mchanga inafika vizuri; kwenye udongo wa mfinyanzi inakwama. Aina ya mafuta nayo ina uzito wake, maana esanse inatoka haraka na mazutu inabaki. Halafu moteri zinazimwa kwa muda na mvuke unapimwa tena. Ukirudi juu, mafuta bado yako chini.

Kuna faida nyingine ambayo wataalamu waliiona mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye kambi ya Hill, jimbo la Utah. Hewa mpya inayoingia ardhini inawapa nguvu vijidudu vinavyoishi humo, navyo vinakula sehemu ya mafuta bila kulipwa.

Lakini Kirtland ilikuwa imechelewa. Mwaka 2007 mafuta yalikutwa yakielea juu ya maji ya ardhini, kwenye kina cha mita kama 150. Makadirio ya mafuta yaliyovuja yamebadilika mara nyingi, na yale yanayotajwa zaidi ni galoni milioni 6 hadi 24, yaani kati ya litra milioni 23 na 91 hivi. Jeshi lenyewe lilikuwa limeanza na hesabu ndogo zaidi.

Moteri zinavuta kilichoko kwenye udongo mkavu. Kilichokwisha kuingia majini hazikiwezi. Na petroli ya zamani ya ndege, ile yenye risasi, ilikuwa na kemikali iitwayo EDB, sumu inayoyeyuka na kusafiri na maji. Ilitoka nje ya kambi, ikapita chini ya nyumba za watu kuelekea upande wa visima vya mji.

Mwaka 2015 uvutaji wa mvuke ulisimamishwa. Mwaka huohuo pampu zilianza kutoa maji yenye EDB na kuyapitisha kwenye makaa ya kuchujia, kabla hayajafika kwenye visima hivyo.