Waacheni Wacheze na Shanga Zao

Mgeni akiandika habari za mkoa wa Mara huanza na panga, akapitia jeshini, akamalizia na samaki. Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tumeelezwa hivyo miaka mingi: watu wakavu, wakali, wasiojua urembo. Nami ninayependa tenisi nakutana na pacha wa kauli hiyo hapa hapa nyumbani, mitaa ya Nyasho na Mwigobero: "Wale wachezaji wa tenisi si wanamichezo, ni walimbwende. Mtu anakwenda kupambana na hereni masikioni?" Kauli zote mbili zimezaliwa na kosa moja, la kudhani kwamba nguvu na pambo haviwezi kukaa katika mwili mmoja. Kwetu vimekaa pamoja tangu zamani, na anayebisha hajasimama karibu na ngoma ya ritungu ikipamba moto.

Ritungu ni ya Wakurya, lakini nasi majirani tumekua tukiishangilia. Zeze lake kubwa la nyuzi nane huvuma sauti nzito, na wachezaji huingia na viatu vya magogo wakivigonganisha. Ni kazi ya misuli hiyo. Mtu anaruka, anatua, vumbi linatimka. Sasa mtazame mwilini: shanga shingoni, kauri zimeshonwa kwenye ngozi aliyovaa, njuga miguuni, na wazee wa zamani walikuwa na ndewe zilizotanuliwa kwa vipande vya mti mpaka zikaning'inia. Hakuna aliyewaambia wavue kwanza ndipo wacheze. Asiyepambwa ndiye aliyeonekana hakujiandaa.

Pambo lilikuwepo hata mdomoni: Wazanaki walichonga meno ya mbele. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, alisoma Edinburgh na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1955 na meno yale yale ya kwao, na hotuba haikupungua kitu. Sisemi kila mila ya mwili ilindwe: ukeketaji siutetei, na sheria ya mwaka 1998 ilifanya vema kumlinda binti.

Ninachokipenda kuliko vyote ni shanga. Nimewaona bibi zetu wakizitunga jioni, sinia mapajani, wakichambua punje kwa rangi na kuitupa iliyopasuka ukingo, kwa sababu ukingo mkali hukata uzi. Mtoto mchanga alifungwa kamba ya kwanza kiunoni, na mama akaitumia kupima: ikibana, mtoto amenenepa; ikilegea, kuna jambo la kuangalia. Binti alipokua aliongezewa kamba moja baada ya nyingine, na zilikuwa siri yake na wanawake wa nyumbani. Alipokimbia zililia kidogo chini ya nguo. Mama alijua mtoto yuko wapi kabla hajamwona. Siku hizi sokoni zinauzwa za plastiki, zimekwisha kutungwa kwenye mpira unaovutika. Binti ananunua, anavaa, zinakatika, ananunua nyingine. Hakuna mkono wa mtu anayemjua ndani ya kamba ile, na hilo linaniuma kuliko plastiki yenyewe.

Ndiyo maana Januari 1999 bado inanichoma. Venus Williams aliingia robo fainali ya mashindano ya wazi ya Australia na misuko iliyojaa shanga, kama mdogo wake Serena. Aliyemkabili alikuwa Lindsay Davenport. Katikati ya mchezo kamba moja ikaachia, shanga zikamwagika uwanjani. Mara ya kwanza mwamuzi akaamuru mpira urudiwe. Zilipomwagika tena akamnyang'anya pointi, kwa maelezo kwamba mpinzani amevurugwa. Binti wa miaka 18 akabaki anabishana naye mbele ya dunia nzima, na mechi ikamponyoka 6-4, 6-0. Nimeutazama mkanda wa mechi ile mara nyingi. Kanuni ilikuwepo, sikatai, na Davenport siku ile alicheza vizuri zaidi. Lakini waliocheka baadaye hawakucheka kanuni. Walicheka nywele. Septemba mwaka ule ule Serena, miaka 17, akamfunga Martina Hingis katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, shanga nyeupe zikirukaruka kichwani kwa kila mpira alioupiga. Kwa mtu wa Mara lile lilikuwa jibu kamili. Na Agosti 2022, Serena alipokuwa anauaga mchezo uwanjani hapo hapo, binti yake Olympia alikaa jukwaani na misuko yenye shanga nyeupe. Mama amemwachia mtoto pambo alilochezea, mbele ya umati, bila kuomba radhi. Desturi hurithishwa hivyo.

  Mavazi nayo nayasemea, kwa sababu hapo ndipo wenye tenisi yao wanapojisahau. Weupe wa Wimbledon ni mila kama mila nyingine. Ulianza karne ya 19, enzi ambazo jasho kuonekana kwenye nguo ya rangi lilikuwa aibu, na hadi leo mchezaji hukaguliwa mpaka nguo ya ndani. Ilibidi wanawake waeleze hadharani habari za hedhi ndipo, kuanzia 2023, wakaruhusiwa kaptura za rangi iliyokolea chini ya sketi. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya wazi ya Ufaransa jijini Paris, Serena alivaa vazi jeusi la kubana mwili mzima, lililomsaidia na tatizo la damu kuganda baada ya uzazi. Rais wa shirikisho la tenisi la Ufaransa akasema halitakubalika tena, kwamba mchezo na mahali viheshimiwe. Sina ugomvi na mtu kuheshimu mahali. Angella Okutoyi wa Kenya alivaa nyeupe tupu Julai 2022 alipotwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili, nami nilijivuna kama amezaliwa hapa kwetu Majita. Ninachodai ni kwamba anayelinda mila yake kwa ukali namna hiyo asiite yetu mapambo ya upuuzi.

Tena ukali wenyewe tumekwisha kuuiga. Shuleni kwetu, kabla ya mechi ya netiboli, mwalimu wa michezo alipita kwenye mstari na mkasi. Hakutafuta hereni. Alitupapasa viuno juu ya sketi, na alipogusa kamba aliikata. Shanga za bibi yangu zilitawanyika kwenye mchanga, filimbi ikapulizwa, tukacheza juu yake. Aliziita uchafu wa kishenzi. Nasikia bado kuna wanaofanya hivyo.

Kwa hao nasema: kanuni za netiboli zinakataza vito, na sababu yake naielewa, maana pete inaweza kupasua jicho la mwenzio. Lakini kanuni hizo hizo zinamruhusu mwanamke abaki na pete ya ndoa, mradi aifunike kwa plasta. Kama pete imepatiwa plasta, binti wa Bunda anakatwa shanga kwa kosa gani, wakati sketi yake imekwisha kuzifunika? Wekeni mkasi chini, mwambieni afunge fundo vizuri, kisha mpeni mpira.