Kuburuta Picha Mpaka Kwenye Ripoti: Kikundi Kijue Nini?

Vikundi vingi vya kujisaidia sasa huandika ripoti zao kwa kompyuta, ama pale saiba sokoni, ama katika ofisi ya parokia. Wafadhili nao huomba picha: tangi la maji lilivyojengwa, mbuzi waliogawiwa, kina mama kazini. Picha zikikosekana, sehemu ya pili ya fedha yaweza kuchelewa na tangi likabaki bila kifuniko. Kwa hiyo tumeona vyema kueleza jinsi picha inavyoingia katika ripoti, na mahali inapoweza kupotea.

Kuburuta ni nini?

Unaweka mshale wa kipanya juu ya picha, unabonyeza kitufe cha kushoto bila kukiachilia, unaivuta picha mpaka kwenye ukurasa, halafu unaachilia. Kwa macho ni kama kuhamisha kiti. Lakini ndani ya kompyuta kuna maulizano. Ni kama mgeni aliyebisha hodi na mzigo kichwani, mwenye boma humuuliza, "Umeleta nini?" Mzigo huo waweza kuwa faili ya picha, picha yenyewe, ama anwani tu ya mahali picha ilipo. Programu ya kuandikia huchagua kile inachoweza kupokea.

Tazama mshale. Ukiona alama ya kujumlisha, nakala inatengenezwa na picha ya kwanza inabaki mahali pake. Ukiona duara lenye mstari katikati, mzigo umekataliwa.

Mambo manne ya kuangalia

1. Kunakili si kuhamisha. Katika Windows, ukiburuta picha kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya flashi ileile, picha inahama; haibaki tena kwenye folda ya kwanza. Ukiburuta kutoka flashi kwenda kwenye kompyuta, inanakiliwa. Ukitaka nakala kila mara, shikilia kitufe cha Ctrl mpaka uachilie picha. Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z pamoja mara moja, nayo itarudi.

2. Picha ama anwani? Picha ikiburutwa kutoka folda mpaka kwenye Word, kwa kawaida nakala yake huhifadhiwa ndani ya ripoti. Lakini programu zingine zaweza kuweka kiungo tu, hasa ukiitoa picha kwenye intaneti. Katika LibreOffice Writer, ukiburuta huku umeshikilia Ctrl na Shift, unaweka kiungo. Kwenye kompyuta yako utaiona vizuri. Kwa mfadhili patakuwa pengo. Jaribio ni rahisi: hifadhi ripoti, ifungue kwenye kompyuta nyingine bila ile flashi ya picha. Ukiziona zote, ziko ndani.

3. Uzito. Kupunguza picha kwa kuvuta pembe zake hakupunguzi uzito wa faili. Picha kumi za simu, kila moja MB 4, ni MB 40. Kwa akaunti ya kawaida ya Gmail huwezi kutuma viambatisho vinavyozidi MB 25. Katika Word, bonyeza picha, tafuta palipoandikwa Compress Pictures, uchague kipimo cha barua pepe. Lakini fanya hivyo kwenye ripoti tu. Picha za asili ziwekwe kando, hazirudi zikishabanwa.

4. Siri za watu. Hapa ndipo wengi hawajui. Ukikata picha ndani ya Word ili kuficha nambari ya kitambulisho ama uso wa mtoto, sehemu iliyokatwa bado imo ndani ya faili. Yeyote anayeipokea anaweza kuirudisha. Palepale kwenye Compress Pictures, weka alama ya kufuta sehemu zilizokatwa, kisha uhifadhi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatudai tupate idhini ya mwenye habari, na kwa mtoto, ya mzazi ama mlezi wake. Hata bila sheria, mjane aliyepewa unga hapaswi kuona uso wake ukizungushwa bila kuulizwa.

Desturi nzuri ya kikundi

Katibu awe na folda moja ya picha za asili, isiyoguswa, na nakala yake kwenye flashi nyingine inayokaa kwa mweka hazina. Za ripoti ziwe nakala. Kila picha ipewe jina la kazi na tarehe, isiachwe na nambari tupu za simu. Tena, kazi hii isiachiwe kijana mmoja tu. Wawili ama watatu wajifunze, maana akienda mjini, kikundi kisibaki gizani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Picha za miradi yetu ziko wapi leo, na nani anazo?
- Je, waliopigwa picha waliulizwa?
- Nani atafundishwa kazi hii kabla ya ripoti ijayo?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.