Akili unde na vihisi katika utengenezaji wa nyenzo mseto

Nyenzo mseto huundwa kwa nyuzi imara, kama za kaboni au kioo, zilizoshikamanishwa kwa resini. Ni nyepesi lakini zenye nguvu, ndiyo maana zinafanya takriban nusu ya uzito wa Boeing 787, ndege inayorushwa pia na Air Tanzania na Kenya Airways.

Ugumu wa kazi uko katika kuivisha resini. Matabaka ya nyuzi zilizolowa resini hupangwa kwenye kalibu, hufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaofyonzwa hewa, kisha huingizwa katika tanuri la shinikizo. Epoksi nyingi za ndege huiva kwenye nyuzijoto 180 hivi za Selsiasi. Joto likipanda, resini huwa majimaji zaidi kwanza, kisha molekuli zake hufungamana na kuwa ngumu. Kufungamana huko huzalisha joto jingine, hivyo kiini cha kipande kinene kinaweza kuungua. Shinikizo likija resini imekwisha kuganda, viputo hubaki ndani na matabaka hukosa kushikana vizuri.

Kwa desturi, tanuri hufuata ratiba moja iliyopangwa kabla, ikiongezewa muda kwa tahadhari. Lakini resini iliyokaa nje ya friza inamohifadhiwa kwa siku kadhaa haiivi sawa na iliyotolewa leo.

Hapo ndipo vihisi vinapohitajika. Kimoja kina elektrodi mbili bapa zilizowekwa kwenye uso wa kalibu. Umeme hafifu hupitishwa katika resini: ikiwa majimaji, ioni husogea kwa urahisi, lakini kadiri inavyoganda, ukinzani huongezeka. Vipimajoto na nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga hueleza hali ya joto na mkazo ndani ya kipande.

Akili unde husoma vipimo hivyo kwa pamoja, hukadiria resini imeiva kiasi gani, na hupendekeza joto lipunguzwe, shinikizo liongezwe au kazi ikomeshwe. Kwa kuwa vipande vibovu vya kujifunzia ni vichache, programu hufunzwa pia kwa maelfu ya mifano iliyokokotolewa na kompyuta. Kwenye roboti zinazolaza tepu za kaboni, kamera na leza huiwezesha kutambua pengo au mkunjo kabla tabaka linalofuata halijaufunika.

Hata hivyo, programu inaweza kukosea inapokutana na resini au umbo isilofunzwa. Kwa hiyo mipaka salama ya joto na shinikizo huwekwa na wahandisi, na kipande kilichokamilika bado hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti. Teknolojia hii hupunguza hasara. Haiondoi wajibu wa ukaguzi.