Asali ya Goweko yatafuta mchoraji

ABIRIA wa reli ya kati anaponunua asali kwenye stesheni ndogo za mashariki ya Tabora, hununua kwa kuamini macho na ulimi wake. Chupa ni ile iliyokwisha kutumika kwa maji au kinywaji kingine, kifuniko kimekazwa kwa kipande cha nailoni, na juu yake hakuna neno hata moja. Akifika Dar es Salaam na kumgawia jirani, jirani atauliza: ya wapi hii? Atajibiwa kuwa ni ya Tabora, na hapo jina la Goweko limekwisha kufa.

Goweko ni kata ya Wilaya ya Uyui, kwenye reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Mkoa huu umejijengea jina kwa bidhaa mbili, asali na tumbaku. Tumbaku haimhitaji mchoraji wa kijijini, kwa kuwa huuzwa kwa madaraja na kupelekwa viwandani, na tena sheria ya mwaka 2003 imebana matangazo ya bidhaa zake. Asali ni jambo jingine. Yaweza kutoka kwenye mzinga na kufika mezani kwa mlaji bila kupita kiwanda kikubwa, na anayeiuza analazimika kuipa jina, chombo na lebo.

Hapo ndipo inapoingia kazi ambayo wazazi wengi wa vijijini bado wanaihesabu kuwa ni mchezo wa watoto wasiopenda hesabu: usanifu wa michoro kwa ajili ya biashara, pamoja na ndugu yake, uelekezi wa sanaa katika matangazo. Swali lililo mbele ya mzazi wa Goweko ni la fedha. Je, mtoto akipelekwa kusomea kuchora, ataishi?

Jibu laweza kuanza na ndoo. Asali ni nzito kuliko maji, na lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kilo 28 hivi. Muuzaji anayejaza chupa za nusu lita atapata chupa 40. Anayepima kwa uzito na kuuza vikopo vya gramu 500 atapata vikopo 56 kutoka ndoo hiyo hiyo. Tofauti ni vikopo 16, na mnunuzi hakudanganywa, alimradi lebo imesema wazi kuwa ni gramu 500 na si nusu lita. Mchoraji asiyejua hesabu hii ataandika 'nusu lita' kwa kuwa chupa iliyotangulia iliandikwa hivyo, na mwenye mali atapata hasara au atakamatwa na watu wa Wakala wa Vipimo.

Lebo ina masharti mengine ambayo hayafundishwi kwa kipaji. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishwa kutoka TFDA, lebo za chakula ziko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Jina la bidhaa, uzito halisi, mtengenezaji na anwani yake, tarehe na namba ya toleo vyote sharti vipate nafasi kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Kisha ije misitari ya kusomwa na mashine ya dukani. Kwa ukubwa wake wa kawaida misitari hiyo hula karibu milimita 37 kwa 26, na ile inayotolewa na GS1 Tanzania huanza na namba 620. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo misitari ikichapwa kwa wino mwekundu mashine haioni kitu. Rangi ya asali ikiwa chini na misitari myeusi juu yake husomeka vizuri. Kuna wafanyabiashara waliochapisha lebo maelfu kabla ya kulijua jambo hilo dogo.

Aidha kuna suala la rangi yenyewe. Skrini ya kompyuta au simu huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mtambo wa uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Dhahabu inayong'aa kwenye simu hutoka kwenye karatasi ikiwa kahawia iliyochoka, na mteja hukataa kulipa. Picha iliyochukuliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu hutoka na vumbi, kwa kuwa uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi. Na asali huvuja. Lebo ya karatasi ya kawaida hulowa na kuchanika kabla gari halijafika Manyoni.

MISAFARA NA SHANGA

Nchi hii si ngeni kwa elimu ya kujua macho ya mteja. Kabla ya reli, njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa Tura, ikafuata Rubuga na Kigwa hadi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora. Tura na Kigwa zimo katika Uyui ya leo. Burton na Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857. Stanley alipita mwaka 1871, naye aliandika jinsi alivyohangaika Zanzibar kuchagua shanga za kubeba, kwa kuwa nyeusi zilipokelewa Ugogo na kukataliwa kwingine, na nyeupe zilizotakiwa Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Msafara uliokosea rangi ulikuwa na mzigo mabegani na njaa tumboni. Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua hilo bila ya kusomea popote.

Ni elimu hiyo hiyo ambayo kina mama wanaitumia dukani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mchoraji wa kanga hupanga vitu vitatu hivyo ili jicho lianze na rangi kwa mbali, lifike kwenye mji kwa karibu, na lisome jina mwisho. Mpangilio wa ukurasa wa tangazo hauna siri kubwa kuliko hiyo.

Tabora pia ilikuwa na mitambo. Tanganyika Mission Press ya Kipalapala, nje kidogo ya mji, ilichapa vitabu vya dini na vya shule vilivyosomwa nchi nzima, na gazeti la Kiongozi la Kanisa Katoliki lilianzishwa Tabora mwaka 1950. Kwa hiyo kazi ya kupanga herufi, kukata karatasi na kusahihisha kurasa ilifanyika hapa kabla ya miji mingi kuijua.

MWELEKEZI NI NANI?

Wengi huchanganya kazi mbili. Msanifu wa michoro hutengeneza nembo, lebo, bango na kitabu. Mwelekezi wa sanaa hushika wazo zima la tangazo: picha iwe ipi, ipigwe wapi, nani aonekane, herufi ziwe kubwa kiasi gani, na nini kiachwe. Huenda yeye mwenyewe asishike brashi. Hufanya kazi bega kwa bega na mwandishi wa matangazo.

Utaratibu wa kuwakalisha wawili hao chumba kimoja ulipata nguvu New York, katika kampuni ya Doyle Dane Bernbach iliyoanzishwa mwaka 1949. Kabla ya hapo mwandishi alimaliza maneno yake, akayapeleka kwa mchoraji kama mtu anayepeleka kitambaa kwa fundi cherehani. Mwaka 1959 mwelekezi Helmut Krone na mwandishi Julian Koenig walitoa tangazo la gari la Volkswagen ambalo ukurasa wake karibu wote ulikuwa mtupu, gari likiwa dogo kwenye kona. Mwenye duka wa kwetu angeuliza kwa nini amelipia karatasi nyeupe. Tangazo hilo hufundishwa hadi leo katika vyuo vya fani hiyo.

Kwa upande wa Tanzania Bara soko lilifunguka baada ya mwaka 1994, televisheni binafsi zilipoanza, ITV ikiwa miongoni mwake. Kisha zikaja kampuni za simu. Nyumba na maduka ya kando ya barabara yalipakwa rangi za kampuni hizo, na kila zilipobadili sura kuta zilipakwa upya. Celtel ikawa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Vodacom iliacha buluu ikachukua nyekundu mwaka 2011. Tigo ikawa Yas Novemba 2024. Wachoraji wa brashi walifaidi miaka ya mwanzo, lakini mitambo ya kuchapa mabango ya plastiki ilipoenea, bango la siku mbili likawa la dakika chache, na mafundi wengi wakabaki na makopo ya rangi.

WAPI PA KUSOMEA

Kijana wa Uyui anazo njia kadhaa. Iliyo karibu na mfuko ni ya ufundi stadi. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika fani zake imo ya upakaji rangi na uandishi wa mabango. Zamani wahitimu walipimwa kwa majaribio ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza. Siku hizi ni hatua tatu za tuzo ya taifa. Fani hii huwapa mkono na jicho, ingawa haiwafikishi kwenye chumba cha mwelekezi.

Bagamoyo, mwanzo wa njia ile ile ya misafara, kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kuwa wakala mwaka 2007. Sanaa za ufundi hufundishwa huko pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sanaa. Anayeweza kuvuka mpaka atakuta Nairobi chuo kikuu kinachofundisha usanifu kama fani kamili, na Makerere shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Mtaala mpya uliotangazwa mwaka 2023 nao umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na sanaa bunifu imo. Shule ngapi za vijijini zitapata mwalimu na kompyuta ni suala ambalo wazazi wana haki ya kuuliza kabla ya kushangilia.

Cheti hata hivyo si kitu cha kwanza kuulizwa katika kampuni ya matangazo. Huulizwa mkoba wa kazi. Kazi kumi nzuri hushinda arobaini za kuchanganya, na kila moja ieleze tatizo la mteja lilikuwa nini. Ni hapa mtoto wa Goweko anapoweza kumzidi wa mjini. Yule wa mjini hubuni lebo ya kinywaji kisichokuwepo. Huyu ana mjomba mwenye mizinga, ana mnunuzi anayepita kwa treni, na anaweza kuonyesha chupa ilivyokuwa kabla na baada ya lebo, na hesabu ya mauzo ya mwezi.

MAPATANO KABLA YA PENSELI

Hatari kubwa ya fani hii iko kwenye malipo. Taifa zima lilimwona mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha, mwaka 2017, alipopatikana Dar es Salaam akiwa mgonjwa na fukara. Alisema yeye ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Wako waliolipinga dai hilo na kumtaja mchoraji mwingine. Mzee alifariki mwezi Mei mwaka huo huo, na ubishi haukuisha. Hoja kwa mwanafunzi wa leo ni kwamba karatasi ingekuwepo, ubishi usingekuwepo.

Karatasi hizo zinapatikana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mchoraji, na COSOTA ipo kwa kazi hiyo. Alama ya biashara husajiliwa BRELA kwa sheria ya mwaka 1986. Ni jambo la kawaida nembo kuchorwa kwa soda na ahadi, kisha mwenye mali akaisajili kwa jina lake. Mapatano yaseme ni nani mwenye nembo, italipiwa shilingi ngapi, masahihisho ni mara ngapi, na nusu ya fedha itolewe kabla ya penseli kugusa karatasi.

Yupo atakayesema kuwa simu sasa zinachora zenyewe. Ni kweli, na tangu mwaka 2022 programu za akili bandia hutoa picha ya nyuki kwa sekunde chache. Mashine hizo zimewanyang'anya kazi wale waliokuwa wakiuza kadi za harusi na vipeperushi vya haraka. Lakini nyuki wanaotolewa na mashine hizo hufanana, na mzinga wake mara nyingi ni sanduku la Ulaya. Mzinga wa gogo ulioning'inizwa kwenye mti wa miombo haumo, isipokuwa awepo mtu anayeujua akaulazimisha uwemo.

Kwa sasa hesabu ya ndoo inabaki pale pale kwa mfugaji wa nyuki wa Goweko. Anahitaji vikopo 56, lebo 56 zisizolowa, na mtu wa kuzichora aliyekwisha kupima umbali kati ya dirisha la behewa na mkono wa muuzaji aliyesimama chini. Treni haikai sana. Neno 'Goweko' lazima lisomeke kutoka juu kabla haijapiga honi.