Je, Wajua? Miwani Moja, Mashine Mbili

Je, wajua kwamba PlayStation VR2, miwani ya uhalisia pepe iliyotolewa na Sony Februari 2023 kwa ajili ya PlayStation 5 pekee, tangu Agosti 2024 huweza pia kuunganishwa na kompyuta kwa adapta inayouzwa kando? Kifaa hicho, ambacho huvaliwa machoni na kumwonyesha mchezaji mandhari ya kidijitali pande zote, hupoteza uwezo wa kufuatilia mwendo wa macho na mtetemo wake kikiwa kwenye kompyuta, ingawa hupata michezo mingi ya Steam, duka la mtandaoni.

Kwa mwenye ukumbi wa michezo mjini Meru au Embu, ambako vijana hulipia mechi za kandanda kwenye PlayStation, konsoli, yaani mashine iliyoundwa mahususi kwa michezo, ndiyo njia nyepesi, kwa kuwa kadi ya michoro ya kompyuta, ikiwa ya nguvu ya kutosha, yaweza peke yake kuzidi bei ya konsoli nzima. Kikwazo kikubwa zaidi huenda kikawa chumba chenyewe: mchezo wa kutembea huhitaji nafasi tupu ya mita 2 kwa 2, japo ule wa kuketi hutosheka na kiti.