Sigara ya leo, kilio cha kesho: namna gani vifo vya tumbako vinahesabiwa?

Kwenye vilio vya hapa Lubumbashi, iwe ku Katuba, ku Kenya ao ku Ruashi, watu wakiuliza marehemu alikufa na nini, wanajibiwa: kifua, moyo, presha, tibi. Ni shida kusikia mtu anajibu: sigara. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema tumbako inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Kama hakuna anayeitaja, ile hesabu inatoka wapi?

Inaanza kwa kulinganisha. Mwaka wa 1951, kule Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia waganga wa inchi ile barua, wakiwauliza nani anavuta na nani havuti. Kiisha wakaanza kufuata vifo vyao, na kazi ile iliendelea miaka 50. Matokeo ya mwaka wa 2004 yalionyesha kwamba wale walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, karibu miaka 10 mbele ya wale ambao hawakuvuta hata siku moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, wanaume 100 wasiovuta: 20 wanakufa mbele ya kufika miaka 70. Wavutaji 100 wa umri ule ule: wanakufa 40. Wale 20 wa ziada ndio wanaandikwa kwa sigara. Munganga hawezi kusema ni nani kati ya wale 40, lakini anajua ni wangapi.

Shida kubwa ni wakati. Sigara haiui sawa malaria, kwa siku chache. Ku Marekani, watu walivuta sigara kupita wakati mwingine wote karibu na mwaka wa 1963, lakini vifo vya wanaume kwa kansa ya mapafu vilifika kilele karibu na mwaka wa 1990. Ni kusema, katikati ya moshi na kaburi kuna miaka karibu 30. Kwa hiyo, ukihesabu wavutaji wa leo, haujajua bado vifo vya leo. Na inchi ambako vijana wameanza kuvuta juzi inaweza kuonekana salama kumbe deni linaongezeka.

Ndiyo maana mwaka wa 1992 Richard Peto, Alan Lopez na wenzao waligeuza njia. Hawakuanza na hesabu ya wavutaji, walianza na vifo vya kansa ya mapafu. Juu ya nini? Kansa ile ni adimu kwa mtu asiyevuta. Ikiwa mingi, inaonyesha moshi ambao watu wameweka mwilini kwa miaka mingi, hata kama siku hizi wamepunguza.

Kwetu njia ile inakwama. Sensa ya mwisho katika inchi yetu ilifanyika mwaka wa 1984. Wagonjwa wengi wanafia nyumbani bila kupimwa, na kansa ya mapafu inaweza kuchukuliwa kuwa tibi. Tena hapa Katanga kuna mavumbi ya migodi, moshi wa viwanda vya shaba na ule wa makala jikoni. Hivi vyote vinaharibu mapafu, na kuvitenganisha na sigara si rahisi.

Lakini kuna inchi zilizopata njia nyepesi. Afrika Kusini, tangu mwaka wa 1998, karatasi ya kifo ina swali moja: marehemu alikuwa anavuta miaka mitano iliyopita? Hawaulizi juu ya mwezi uliopita, kwa sababu mgonjwa akizidiwa anaacha sigara. Ungeuliza hivyo, angeandikwa asiyevuta, na sigara ingetoka bila kosa. Kule India, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza familia dalili za marehemu na kama alikuwa anavuta. Karatasi, kalamu na watu wenye subira vilitosha kwa sehemu kubwa.

Na desturi zinabadilika. Vijana wengi hawanunui pakiti, wananunua moja-moja barabarani. Wanasema: «Mimi navuta mbili tu kwa siku.» Lakini uchunguzi wa Norwe, uliotolewa mwaka wa 2005, ulionyesha kwamba wanaovuta sigara 1 mpaka 4 kwa siku wanakufa na ugonjwa wa moyo karibu mara tatu kuliko wasiovuta. Shisha nayo imeingia, na wengi wanaamini maji yanasafisha moshi. Hayasafishi, sumu inapita. Sigara za umeme bado ni mpya, hazijafikisha ile miaka 30 ya kutupa jibu kamili.

Tuchukue kijana aliyeanza mwaka wa 1995 akiwa na miaka 18. Mwaka wa 2035 atakuwa na miaka 58, umri ambao moyo na mapafu vinaanza kudai. Kifo chake hakijaandikwa popote, na bado kinaweza kuzuiwa. Wale waganga wa Uingereza walionyesha: anayeacha akiwa na miaka 60 anaokoa karibu miaka 3 ya maisha, kwa miaka 50, anaokoa 6, kwa miaka 40, anaokoa 9, kwa miaka 30, karibu yote 10.

Kwa upande wa hesabu, swali moja kwenye karatasi ya kifo ku komine lingetusaidia sana. Kwa sasa, ukimpeleka baba ao kaka ku hospitali, mwambie munganga kama alikuwa anavuta, hata kama aliacha zamani. Akiwa kwenye shisha, sema pia.